Anayefunga Humkimbilia Aliyempa

Kabla hajawa Kocha alikuwa Nyundo, na kabla hajawa Nyundo alikuwa kijana mrefu tu mwenye kichwa kikubwa, ambacho shangazi zake walikionea huruma kila walipokwenda kumnunulia kofia. Kichwa hicho hicho ndicho kilichomlisha. Miaka mingi alivaa jezi namba tisa ya klabu ya mji aliohamia, na mabao yake karibu yote aliyafunga kwa kichwa, akichomoza katikati ya mabeki kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Watu walimpenda. Muuza magazeti alimwekea nakala yake kila Jumatatu, na watoto wa mtaani walijizoeza kugonga ukuta kwa vichwa mpaka mama zao wakaja kumlalamikia mkewe.

Watangazaji walipomuuliza siri ya mabao yake alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa kwa sauti ya chini, ya mtu asiyependa makuu: "Mimi nasimama pale, mpira unakuja." Watu walicheka, wakamsifu kwa kutojivuna. Lakini hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba Mungu alimpa pua ya kunusa mahali mpira utakapoangukia, kama alivyowapa wengine sauti ya kuimba. Na kwa kuwa aliendelea kufunga, hakutokea mtu wa kumuuliza swali la pili.

Kilichomstaafisha ni goti la kulia. Daktari alilitazama kwenye picha, akasema maneno marefu, na Nyundo akaelewa moja tu: basi. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kochi. Alikaa upande ule ule kila siku, ulioelekea televisheni. Mchana akitazama mechi na kuwakosoa washambuliaji wa watu, jioni akizitazama zikirudiwa na kuwakosoa upya, kana kwamba safari hii wangemsikia. Mkewe aliuza dawa dukani na alikuwa amezoea kuwaona watu wenye magonjwa yasiyo na kidonge, kwa hiyo alimvumilia. Springi za kochi hazikumvumilia. Upande ule ulididimia mpaka mgeni akikaa upande wa pili anajikuta anateleza kumfuata mwenyeji. Ndipo mkewe akamwambia, kwa upole wake ule wa kaunta, kwamba sasa achague: ama yeye ainuke kwenye kochi, ama kochi liinuke limwache sakafuni.

Bahati ya mwenye bahati, wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa klabu akapiga simu. Timu ya wanawake haikuwa na kocha. Aliyekuwapo alihama mji. Mwenyekiti alijieleza kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayemkaribisha mkubwa wake chakula kilicholala. Hakumaliza, Nyundo alikuwa ameshakubali. Tusidanganyane, siku ile angekubali hata kazi ya kujaza mipira upepo.

Na aliipenda kazi ile tangu siku ya kwanza. Uwanja wa mazoezi ulikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, nyasi zake zikiwa za kuhesabika, harufu yake nzuri kuliko uwanja wowote aliowahi kuchezea. Wachezaji walitoka kazini na shuleni, wakabadilisha nguo ndani ya chumba cha kuhifadhia magunia, wakatoka wana unga visigino. Nahodha wao alikuwa Mama Pacha, mwoka mikate wa kiwanda hicho, mama wa watoto wawili waliozaliwa siku moja. Ndiye aliyekuwa namba tisa. Alikuwa na miguu iliyoanza kuchoka na macho yasiyochoka, na timu nzima ilimsikiliza kuliko filimbi. Kwenye benchi alikaa mshambuliaji mwingine, binti mwembamba mwenye mbio za ajabu, aliyejiunga katikati ya msimu. Walimwita Redio. Alizungumza akikimbia, alizungumza akifunga kamba za viatu, alizungumza na mabeki, na mshika kibendera, na mpira wenyewe.

Tatizo lilikuwa moja: timu haikufunga mabao. Ulinzi haukuwa mbaya, kipa alikuwa hodari, lakini mbele palikuwa pakavu. Nyundo aliwafundisha kile alichokijua. Aliwapeleka mbele ya goli, akaonyesha kwa kidole, akawaambia, "Simama pale, mpira utakuja." Walisimama. Mpira ulikwenda kwingine. Siku za mechi alitembea kando ya mstari akipaza sauti, "Nusa! Nusa mpira!" na mashabiki wachache waliokuwepo wakashika mbavu. Haikupita muda wachezaji wakampa jina la pili, Utakuja. Umeme ukikatika chumbani wakati wa kuvaa, utasikia sauti gizani ikisema kwa utulivu, "Utakuja." Nyundo alijua kwamba ni yeye anayesemwa, akacheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha. Alikuwa amewapa kila alichokuwa nacho na hakikuwasaidia kitu.

Mwishoni mwa msimu mwenyekiti alikuja mazoezini amevaa suti, na hiyo pekee ilikuwa habari mbaya. Alisubiri mpaka wamekusanyika, akasema kamati imekaa. Imebaki mechi moja, ya nyumbani, baada ya mapumziko ya ligi. Wakishinda, wanabaki kwenye daraja. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka, na wakishuka klabu haitaweza tena kuwa na timu ya wanawake. "Hatutaivunja," alisema. "Tutaipumzisha." Kila mtu mzima pale alijua kwamba timu ikipumzishwa namna hiyo haiamki. Hata Redio alikosa la kusema.

Nyundo alikwenda nyumbani akichechemea, akiwaza kwamba wanawake wale wote, wanaokuja kukimbia baada ya kusimama kutwa kwenye matanuri na madawati, watakosa pa kukimbilia kwa sababu kocha wao hajui kuwaeleza jambo alilolifanya yeye mwenyewe maelfu ya mara. Alitaka kufika tu, azame kwenye kochi lake. Akafungua mlango. Kochi halikuwepo.

Mkewe alisema amelipeleka kwa Posta likafanyiwe matengenezo, na kesho yeye mwenyewe aende akaone lilipofikia. Usiku huo Nyundo alikula amekaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo wima, kama mgeni.

Sasa, huyu Posta. Alikuwa winga wa kushoto, namba kumi na moja, na alicheza na Nyundo tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Walimwita Posta kwa sababu mpira wake, kama barua, ulimfikia mwenyewe. Alipoacha mpira alirudi kwenye kazi ya baba yake ya kutengeneza makochi, na tangu hapo walikutana misibani na harusini, wakicheka utani wao ule ule kwamba klabu moja imezaa kocha mmoja na makochi mengi. Hawakuwahi kugombana. Walikuwa wameachana tu, kama watu wanavyoachana kila mmoja akishika lake.

Karakana ya Posta ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mpana, kimejaa mbao, mabonge ya sponji na vitambaa vilivyoviringishwa. Kochi la Nyundo lilikuwa limepinduliwa katikati, tumbo wazi, springi nje. Posta alikuwa amepiga magoti kando yake, misumari midogo imepangwa midomoni, ndevu zimeingia mvi zaidi ya alivyokumbuka Nyundo. Aliutazama ule upande uliodidimia, akamtazama mwenye mali, akauliza kupitia misumari kama nyumbani wanafuga tembo.

Nyundo akavuta kigoda, akaketi, akamweleza yote. Alianza kwa mzaha na kumaliza bila mzaha. Alisema habari ya suti ya mwenyekiti, habari ya mechi moja iliyobaki, na habari ya washambuliaji wake ambao, licha ya maelekezo yote, hawaendi mahali mpira ulipo. Posta aliendelea kugonga. Simulizi ilipofika pale pa mahali mpira ulipo, nyundo yake ikasimama. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kiganja.

"Kwani wewe ulikuwa unakwenda mpira ulipo?"

"Nilikuwa nanusa," alisema Nyundo.

"Hukuwa unanusa kitu. Ulikuwa unanyanyua kidevu. Ukitaka kuruka, kwanza kidevu kinapanda. Nikikiona kidevu, napiga. Ukikishusha, natulia na mpira wangu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ungesimama kwenye kibanda cha tiketi ningekuletea huko huko."

Nyani haoni kundule, na Nyundo hakuwahi kukiona kidevu chake. Aliyapitia mabao yake moja baada ya jingine, na katika kila moja alijiona amesimama, na mpira unashuka polepole mahali pale pale, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile alidhani anaukuta mpira, kumbe mpira ndio uliomkuta. Akauliza, sauti imepungua, Posta alijuaje kuangalia kidevu.

Posta aliisukuma springi moja kwa kidole gumba mpaka ikaingia mahali pake. Alisema mshambuliaji yeyote ana kitu anachokifanya bila kujijua pale njaa ya goli inapomshika, na kwamba yeye alijua kukitafuta kwa sababu hata yeye alikuwa nacho. "Kabla hujaja," alisema, "mimi ndiye nilikuwa tisa."

Jambo hilo Nyundo hakulijua. Alikuja klabuni kijana wa kutoka mbali, akapewa jezi namba tisa siku ya kwanza, akadhani ilikuwa imetundikwa tu pale ikimsubiri yeye. Posta alimweleza bila uchungu, kama anayesimulia habari za mtu wa mtaa wa pili. Karatasi ya kikosi ilibandikwa ukutani. Alitafuta jina lake kwenye tisa, hakuliona, akalikuta kwenye kumi na moja. Kocha wa wakati ule hakumwita, hakumwambia kitu. Juma zima alimpigia yule mgeni mipira mibovu kwa makusudi. Halafu kwenye mechi ya kwanza akajisahau, akampigia mmoja mzuri, mgeni akafunga, akavuka uwanja mbio na kumrukia mgongoni.

"Huko kwenye tisa sijawahi kurukiwa mgongoni na mtu," alisema Posta. "Nikasema haya, kazi hii nayo si mbaya." Akairudisha misumari mdomoni, na kupitia hiyo misumari akaongeza kwamba baadaye Nyundo alianza kuwakimbilia mashabiki, mgongo ukapata nafuu.

Nyundo alitoka pale bila kuaga vizuri. Mtu mwingine angehuzunika kuambiwa kwamba nusu ya kipaji chake ilikuwa macho ya mwenzake. Yeye alihisi furaha fulani nzito, iliyomfanya asimame njiani mara mbili kutikisa kichwa. Alikuwa ameingia karakana akiwa mtu mwenye kipaji, akatoka mtu mwenye rafiki, na kwa hesabu yake hakupata hasara. Kisha akaanza kufikiri kama kocha, huenda kwa mara ya kwanza. Hakuwa na haja ya mshambuliaji anayenusa. Alikuwa na haja ya mtu wa pembeni aliyewahi kuwa na njaa ya goli. Na mtu huyo alikuwa naye.

Angeweza kubandika karatasi. Ingekuwa rahisi, tena ndivyo makocha wengi wanavyofanya. Badala yake, kesho yake asubuhi alikwenda kwenye mlango wa pembeni wa kiwanda cha mikate, akasubiri zamu ya matanuri itoke. Mama Pacha alitokea ana unga kwenye nyusi. Nyundo alimwambia moja kwa moja: nataka Redio aanze namba tisa, na wewe uende winga ya kushoto.

Mama Pacha alikung'uta aproni yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kwa hiyo nimezeeka," alisema.

Nyundo alisema miguu ndiyo, imeanza kuzeeka, hawezi kumdanganya, lakini ng'ombe hazeeki maini. Akamweleza habari ya kidevu, ya jezi namba tisa na ya karatasi ukutani, asifiche hata ile sehemu ya kuwakimbilia mashabiki. Akasema pale timuni hakuna mwingine anayejua mshambuliaji anachokitaka na ni lini anakitaka. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo Posta," aliuliza, "ulimshukuru lini?"

Nyundo alianza kuhesabu miaka, na mama yule akaona kwamba hesabu haifiki popote.

"Mimi nina pacha, Kocha. Kumpa mwingine kwanza ndiyo kazi yangu ya kila siku, sikatai. Ila shukrani ya punda ni mateke, na mateke nimeyaona. Mlete huyo mtu uwanjani. Nikimwona pale na wewe umemkumbuka, nitavaa kumi na moja."

Kochi lilikuwa tayari siku ya tatu. Walilipandisha kwenye mkokoteni na kulisukuma wao wawili, Posta mbele, Nyundo nyuma. Walipofika nusu ya njia goti likagoma. Wakaweka mawe kwenye magurudumu, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, wakapanda na kukaa kwenye kochi lenyewe, juu ya mkokoteni, kando ya barabara, kama maharusi. Wapita njia waliwasalimia. Mama mmoja aliuliza kama linauzwa. Nyundo aligundua kwamba hatelezi tena kuelekea upande wowote, na kwamba hapo ndipo mahali pake pa kusema.

"Ahsante," alisema.

"Umeshasema. Kochi ni kochi tu."

"Si kwa kochi. Kwa mabao."

Posta alitazama barabara. Likapita lori la saruji, zikapita baiskeli mbili, naye bado anaitazama. "Yote?" aliuliza hatimaye.

"Yote."

"Na lile la mkono?"

"Lile lilikuwa langu mwenyewe," alisema Nyundo, na wakacheka mpaka mkokoteni ukatikisika na mawe yakataka kuachia.

Walipotulia, Nyundo akamwomba aje mazoezini. Posta alikataa; alisema hajakanyaga uwanja tangu astaafu, ana makochi ya watu, na watu wenyewe hawana subira. Nyundo hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba kuna mama mmoja, mwoka mikate, anangoja kuona kama watu wa namba kumi na moja hukumbukwa. Posta alishuka, akaondoa mawe magurudumuni. Kesho yake jioni alitokea nyuma ya kiwanda, gundi kwenye suruali, akasimama pembeni kana kwamba amekuja kupima kitambaa. Mama Pacha alimwangalia toka juu hadi chini, akaenda kwenye mfuko wa jezi, akachukua kumi na moja.

Siku ya kwanza Posta hakufundisha kitu. Alimtazama Redio tu. Alimtazama akikimbia, akiruka, akipoteza mipira, mdomo haufungi. Nyundo alitafuta kidevu, hakukiona kikipanda. Mabega, hapana. Mikono, hapana. Siku ya tatu Posta akafumba macho kabisa, na Nyundo akadhani amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza. Alimwita Mama Pacha, akamwambia kwamba huyu binti huongea saa zote isipokuwa moja: akitaka kukata mbio kuelekea goli, hunyamaza. "Redio ikizima," alisema, "piga."

Walijizoeza hivyo kila jioni. Mama Pacha alijifunza kucheza na masikio. Redio mwenyewe hawakumwambia, kwa sababu ukimwambia mtu kitu anachokifanya bila kujijua hataweza tena kukifanya. Nyundo naye akaongeza amri moja, ambayo hakuiandika popote lakini kila mchezaji aliikariri: anayefunga humkimbilia aliyempa. Mashabiki baadaye. Redio aliuliza na kama aliyempa yuko mbali je. Nyundo akasema ndiyo maana wanafanya mazoezi ya mbio. Na Posta hakuweza kulikalia benchi lao la mbao bila kulichukia. Siku moja alikuja na sponji na kitambaa cha bluu, akalivalisha. Walikuwa timu pekee kwenye ligi ambayo wachezaji wa akiba walikuwa wakigombea kukaa.

Siku ya mechi watu walikuja wengi kuliko kawaida. Hakuna kinachojaza uwanja kama harufu ya msiba. Mwenyekiti alikaa kwenye kivuli na kamati yake. Mtangazaji wa redio ya mji alisimama karibu na mstari na kipaza sauti. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Kipindi cha pili, mapema tu, Redio alinyamaza ghafla, Mama Pacha akapiga krosi safi, na mpira ukapita mahali pasipo na mtu. Redio alikuwa amesimama palepale akikohoa: alikuwa amemeza mdudu. Nyundo alijifunika uso kwa mikono. Posta, aliyekaa kwenye sponji yake, alisema hata barua huwa zinapotea.

Muda ulizidi kwenda. Wageni walitosheka na sare, wakajaza watu nyuma. Miguu ya Mama Pacha ilikuwa imekwisha, kila mtu aliiona, na mashabiki wawili watatu wakaanza kupiga kelele atolewe. Nyundo hakumtoa. Alisimama mstarini na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu yeyote anuse chochote. Redio alikuwa anamweleza beki mkubwa wa wageni habari za nywele zake, kwamba msusi aliyemsuka alikuwa na haraka, kwamba yeye anamfahamu msusi mzuri, kwamba wakimaliza mechi atampa namba.

Kisha akanyamaza.

Mama Pacha hakuinua macho. Aliupiga mpira kwa mguu uliobakiwa na nguvu kidogo, ukapanda, ukazunguka, ukaanza kushuka nyuma ya beki yule aliyekuwa bado anangoja namba ya msusi. Redio alikuwa hapo. Ulimgonga kichwani au begani, mpaka leo wanabishana, lakini wavu ulitikisika na refa akaelekeza kidole katikati.

Redio alitimua mbio kuelekea kwa mashabiki, mikono juu. Alipiga hatua chache, akasimama kama aliyesahau funguo ndani, akageuka. Akaukata uwanja mzima, akiwapita wenzake waliotaka kumkumbatia, mpaka kule kwenye kona ya kushoto ambako mwoka mikate alikuwa ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Akamrukia mgongoni. Wakaanguka wote wawili kwenye nyasi zile za kuhesabika. Nyundo aliliona hilo, na machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya kamati.

Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kama kungoja daktari, lakini zilikwisha. Filimbi ikalia. Timu imebaki. Wachezaji wa akiba walimwagika uwanjani, matanuri na madawati yakasahaulika, mwenyekiti akatoka kivulini amefungua mikono kuja kumkumbatia kocha wake, na mtangazaji akamwahi mbele na kipaza sauti, akiuliza, kama zamani, siri ni nini.

Nyundo aliwapita wote wawili. Alikimbia, kama kuchechemea kwa haraka kunaweza kuitwa kukimbia, kufuata mstari mpaka kwenye benchi la bluu. Posta alikuwa amesimama, anakung'uta nyuzi kwenye suruali yake. Aliinua macho, akakiona kidevu kikipanda. Aligeuka, akatanua miguu, akainamisha mgongo, akasubiri.